Viatu Vyeupe vya Suud

Ndugu yangu Suud alikuwa mpiga picha za watoto. Namjua tangu alipozaliwa, maana mimi ndiye niliyembeba, na nawaambieni sikumwona hata siku moja akimtazama mtoto. Alitazama kola. Alitazama vifungo, nywele, na kama kamasi limefutwa vizuri. Mtoto mwenyewe, yule aliyekuwamo ndani ya nguo, hakuwa na haja naye.

Nasema mapema ili asije mtu akadhani nimekaa kumsifu. Wa kumsifu wapo tele. Nenda nyumba yoyote ya watu wetu hapa Maskati, wale tuliotoka Unguja, utafunguliwa albamu na kuambiwa, "Hii kapiga marehemu Suud, tazama alivyokuwa fundi." Mimi hutazama, hunywa kahawa yangu, huondoka. Ufundi wenyewe naujua ulivyokuwa, kwa sababu nusu yake niliufanya mimi, na sijivunii.

Tuliingia Maskati mwishoni mwa mwaka wa sitini na nne. Wenzetu waliwahi kutoka na dhahabu za wake zao. Sisi tulitoka na sanduku la nguo, kamera kuukuu, na mto wangu wa sufi ambao nilikataa kuuacha hata watu waliponicheka bandarini. Kabla hatujamaliza mwezi, Suud alikwisha kuwaambia watu kwamba Unguja alikuwa na studio yake mwenyewe, ya vioo, ghorofa ya pili. Uongo mtupu. Studio ilikuwa ya Mgoa mmoja, na kazi ya Suud mle ndani ilikuwa kuteka maji ya kusafishia picha na kuzianika kambani. Kamera pia ilikuwa ya Mgoa huyo. Aliitupa kwa sababu ilikuwa ikivuja nuru, Suud akaiokota, akaiziba kwa kiraka cha ngozi ya kiatu. Lakini nani angemsuta? Sote tuliokuja wakati ule kila mmoja alikuwa na uongo wake wa kule alikotoka, na adabu yetu ilikuwa kutoulizana.

Nyumba tuliyopata ilikuwa nje ya ukuta wa mji, ua wake mkubwa kuliko vyumba vyake viwili. Umeme hatukuwa nao, na kamera haikuwa kitu cha kutembea nacho ovyo barabarani siku zile, basi Suud akafanya kazi uani, juani. Ukuta mmoja akaupaka chokaa, mbele yake akatundika shuka nyeupe, mbele ya shuka akaweka kiti cha miguu mirefu, na kando ya kiti mkebe wa samli uliojaa maua ya plastiki kutoka duka la Mbaniani mmoja wa Matrah, mji wa jirani. Asubuhi jua likishapanda kidogo alianza. Likifika kwenye kamba ya kisima aliacha, akisema jua limeshakuwa jeuri. Wakati wa joto kazi yake nzima ilikuwa nusu saa, na siku yote iliyobaki alilala chali akilalamika kwamba sanaa inachosha.

Alikuwa na kasha. Mle kashani mlikuwa na koti moja la bluu lenye vifungo vya dhahabu ya bandia, kofia moja ya mahameli, gauni moja la lesi, soksi ndefu, na viatu vyeupe jozi moja, vya kufunga kwa kamba. Hayo ndiyo mavazi ya watoto wote waliopigwa picha katika ua ule kwa miaka sita. Mtoto mdogo alijazwa matambara ndani ya kiatu. Mtoto mkubwa alivishwa nusu, kisigino kikining'inia nyuma, na Suud akampiga kwa mbele. Mtoto wa mchuuzi wa samaki na mtoto wa kadhi wa zamani walitoka wamevaa koti lile lile.

Na watu walilitaka! Hapo ndipo ninapowadharau wateja kuliko fundi. Jamaa zetu walikuwa wametawanyika, huyu Kairo, huyu Dubai, huyu London, na kila mmoja alitaka wenzake wajue kwamba yeye hakuanguka. Barua hazikutosha. Ikabidi mtoto asimamishwe juani katika viatu vya watu, jasho linamtiririka chini ya mahameli, ili shangazi yake aliye Kairo aone kwamba Maskati tunakula vizuri. Bi Mahbuba, mama mmoja aliyejiona malkia wa mtaa, alikuja siku moja anatetemeka kwa hasira kwa sababu dada yake Dubai ameonyeshwa na jirani yake picha ya mtoto mwengine kabisa ndani ya koti lile lile.

"Suud, umenivua nguo mbele za watu!" alipiga kelele.

"Bi Mahbuba," Suud akamjibu, hata hakuona haya, "huo ndio mtindo wa mwaka huu. Watoto wa watu wakubwa wote wanashona hivyo."

Bi Mahbuba akafikiri. Kisha akauliza kama anaweza kuletewa kitambaa cha aina ile, na wiki ya pili akamleta mtoto wake mdogo avalishwe koti lile lile. Mnaniona nacheka, lakini mate yamenijaa kinywani ya kutema.

Njia yake ya kazi ilikuwa hii. Kwanza mama anafukuzwa. Suud alisema mtoto akimwona mama yake hulia, hivyo akina mama wote wakapelekwa jikoni kwangu kunywa kahawa na kungoja. Hakuna mama aliyepata kuona mwanawe akipigwa picha. Pili, mimi nasimama nyuma ya shuka. Shuka ilikuwa na tundu, na katika tundu napitisha mkono na kumshika mtoto nguo ya mgongoni asianguke kitini. Tatu, Suud anajifunika kitambaa cheusi na kusema kwa sauti tamu, "Tazama kuku! Kuku huyo!" Hapakuwa na kuku. Tangu tufike Maskati hatukufuga hata kifaranga. Mtoto anaduwaa, anatafuta kuku, na Suud anapiga. Mduwao huo aliuita haiba. Fungueni albamu zenu mtazame. Watoto wote wa Maskati wa miaka ile wana macho ya kutafuta kuku.

Haya yote ni upuuzi, na upuuzi haudhuru mtu. Nisingeukalia kuusimulia kama si Muhsina.

Muhsina binti Thani alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke wa miaka ishirini na mbili, mpole, aliyependa kuomba radhi hata kwa kikombe alichokivunja mtu mwengine. Mumewe Aflah alikuwa karani Kuweti. Alipoondoka alimwacha binti yao Aliya anakimbia. Miezi michache baadaye mtoto alipata homa ya siku nne, na homa ilipotoka, mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Ukaanza kukonda, kisha ukaanza kupinda. Daktari aliyemwona Matrah alimwambia Muhsina wazi: nguvu ya mguu hairudi, lakini kupinda kunaweza kuzuiwa, kwa chuma na mazoezi, na mambo hayo yapo Kuweti. Akamwambia pia asingoje, maana mtoto anakua, na kila mwezi mguu utazidi kupinda.

Muhsina akamwandikia mumewe. Aflah hakuamini. Watu walikwisha kumtia maneno kwamba mkewe anatunga maradhi ili aitwe Kuweti akae raha. Barua tatu zilikwenda, na tatu zikajibiwa kwa maneno yale yale: mtoto nilimwacha mzima.

Siku chache baada ya Idi, mwanzo wa mwaka wa sitini na sita, akaja uani kwetu kambeba Aliya kiunoni. Mtoto alikuwa anakaribia miaka minne.

"Bi Nasriya," akanambia mimi, kwa kuwa kusema na Suud aliona haya, "nnataka picha moja tu. Mguu uonekane. Avuliwe kiatu, asimamishwe, uonekane wote mpaka gotini. Barua yangu haiamini. Labda macho yake atayaamini."

"Nimesikia, mwanangu," Suud akajibu kutoka pale alipokuwa akipangusa kioo cha kamera. "Nenda jikoni kanywe kahawa."

Akaenda. Mlango wa jikoni ulipofungwa, Suud akanigeukia.

"Dada, mvishe soksi na viatu."

"Hukusikia? Mama yake kasema mguu uonekane."

"Mama yake ana uchungu, hajui asemalo. Mtoto wa kike huyu. Picha haiozi. Kesho keshokutwa anatafutiwa mume, mtu atoe picha ya kiguru? Tumsitiri mtoto wa watu, Dada. Kusitiri ni thawabu." Kisha, huku akinyoosha shuka, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mie sipigi viguru. Ikienda Kuweti, watu watauliza kapiga nani."

Hili la pili ndilo lililokuwa moyoni mwake. Lakini lile la kwanza lilinipata. Nimelelewa hivyo, kwamba aibu ya mtu hufunikwa, na anayefunika amefanya jema. Katika nyumba zetu mtu aliweza kuugua mwaka mzima na jirani asijue jina la ugonjwa. Nikaona Suud, kwa mara moja katika maisha yake, amesema neno la maana. Nikamvisha Aliya soksi ndefu, na kwa kuwa ile ya kushoto ililegea na kuporomoka, nikaingia ndani, nikapasua pembe ya mto wangu, nikatoa sufi, nikaijaza soksi mpaka mguu ukanenepa sawa na mwenziwe.

Aliya alinitazama muda wote. "Umelala mguu wangu?" akauliza. "Ndo maana unautia mto?"

"Ndiyo," nikasema. "Umelala."

Nikampandisha kitini, nikapita nyuma ya shuka, nikamshika. Suud akaanza, "Tazama kuku! Kuku huyo!" Watoto wengine wote hutafuta. Huyu hakutafuta. Nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapana kuku." Na hapo Suud akapiga.

Mtu mmoja wa mtaa wetu, Amur, alikuwa anasafiri kwa meli ya Kuweti siku ya tatu. Suud akampa bahasha kwa mkono wake, imekwisha kufungwa. Muhsina alipokuja kuuliza kama anaweza kuiona picha kwanza, Suud akamwambia, "Imeshakwenda, mwanangu. Imetoka nzuri mno." Muhsina akainama akambusu mkono. Nilikuwapo. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua mchele.

Kuweti ikanyamaza. Ukapita mwezi wa tatu, ukapita wa sita. Muhsina alikuja kila meli ilipotia nanga, akikaa mlangoni kwangu na kuuliza kama Amur amerudi, kama kuna mtu kaleta neno. Mguu wa mtoto ukaanza kugeuka kifundoni, unyayo ukatazama ndani. Nami nilikuwa na nafasi ya kusema siku zote hizo. Sikusema. Nilijiambia labda baba ameiona picha na bado ataleta jibu la heri. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno.

Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka Amur aliporudi na furushi na barua. Muhsina alikuja navyo kwangu moja kwa moja, bila kupita kwake. Barua alikwisha kuisoma njiani. Alinipa niisome mwenyewe, nami naikumbuka mpaka leo. Aflah alisema amemwona mwanawe kwa macho yake, kakaa kitini, miguu yake yote miwili imenenepa, basi Muhsina amche Mungu na asimzulie mtoto maradhi. Asimwandikie tena habari za mguu. Mwisho akasema viatu alivyovaa mtoto katika picha ameviona vimechakaa, kwa hiyo amemnunulia vipya, na amwache akimbie navyo.

Furushini mlikuwa na viatu vyeupe vya ngozi inayong'aa, vyenye bizimu za shaba. Aliya akaketi chini akavivaa mwenyewe. Cha kulia kikamkaa. Cha kushoto akakivaa, kikatoka. Akakivaa tena, kikatoka. Mara ya tatu akakiokota, akanitambalia, akaniwekea mapajani.

"Kitie mto, Bi Nasriya," akasema. "Kama siku ile."

Muhsina akanitazama. Alikuwa mpole, nimesema, lakini hakuwa mpumbavu. Nikamweleza yote, soksi, sufi, maneno ya Suud, na bahasha iliyofungwa. Nilitaka anitukane. Nilitaka anirushie kile kiatu usoni. Akavifunga viatu katika karatasi yake, polepole, akaviacha hapo sakafuni mbele yangu.

"Mmenisitiri," akasema. "Na nyie Mungu akusitirini vivyo hivyo."

Akambeba mtoto akaenda zake.

Sikulala vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu Suud alikwenda Matrah kununua karatasi za picha. Katika vitu vyake alikuwa na kamera ndogo, kisanduku tu cha kubonyeza, ambacho alikidharau na kukiita mchezo wa watoto. Nikakichukua chini ya shela yangu, nikaenda nyumba ya tatu, nikabisha hodi. Muhsina alifungua akaona nilichoshika. Akambeba mtoto akanifuata.

Tulikwenda kwenye wadi, bonde la mto uliokauka, penye mchanga. Tulimvua Aliya viatu na surwali, tukapandisha kanzu yake juu ya magoti, tukamsimamisha mkono mmoja juu ya jiwe. Asubuhi ile jua lilikuwa nyuma yangu. Mama yake alikaa pale pale, palipoonekana, na mtoto hakulia hata kidogo. Sikumwambia kuna kuku. Nilimwambia, "Aliya, nitazame mimi," naye akanitazama. Nikabonyeza. Nikabonyeza mara zote nane mpaka filamu ikaisha, kwa kuwa sikujua kama nimepatia.

Sikumpa Suud aisafishe. Niliifunga filamu yenyewe katika kitambaa cheusi, nikaitia mkebeni, nikampa mtu aliyekuwa anakwenda Kuweti, na kikaratasi cha Muhsina chenye mstari mmoja: isafishwe huko huko, mbele yako.

Suud alipogundua, mlidhani atauliza habari za mtoto? Aliuliza, "Jua lilikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Asubuhi saa hizo? Kivuli chako kimeingia mote! Umeharibu filamu nzima, Dada. Filamu nzima!"

Nikamtazama ndugu yangu, mtu niliyembeba mgongoni, nikaona hakuna kitu mle ndani cha kugombana nacho. Tangu siku ile sikusimama tena nyuma ya shuka yake. Akawa anawafunga watoto kitini kwa mkanda wa suruali.

Haukupita mwezi na nusu, ikaja simu ya waya ya neno moja: "Njooni." Mwezi wa nne wa mwaka wa sitini na saba wakapanda meli, mama na mtoto. Muhsina alikuja kuniaga, jambo ambalo nisingelifanya mimi kama ningekuwa yeye. Vile viatu vya bizimu sikuwa nimethubutu kumrudishia. Vilikaa ndani ya sanduku langu, chini ya nguo, nikisema siku moja nitavitoa.

Baadaye nilipata barua yake moja. Ilikuwa fupi. Daktari wa Kuweti alimfunga Aliya chuma, na alikuwa anatembea. Lakini kifundo kilichokwisha kugeuka hakikurudi chote, na hakitarudi. "Daktari kaniuliza mwaka mzima huo nilikuwa wapi," aliandika. "Sikumjibu."

Mwaka wa sabini mambo ya nchi yakabadilika, milango ikafunguka, na jamaa zetu wakaanza kurudi kwa mafungu. Suud akapanda cheo. Akakodi chumba Matrah, akaandika jina lake mlangoni kwa rangi nyekundu, ingawa watoto bado aliwapiga nje, uchochoroni, juani, kwa kuwa ndiyo kazi pekee aliyoijua. Alihamisha vitu vyake kutoka kwangu siku mimi sipo. Kwenye ukuta wa chumba hicho, mahali mtu anapoingia tu, alitundika picha moja kubwa ndani ya fremu. Ilikuwa ile ya Aliya, kitini, soksi zimejaa, viatu vyeupe, maua ya plastiki. Alikuwa akiwaambia watu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Mwisho wa mwaka huo Muhsina na Aflah wakarudi na mtoto. Aliya alikuwa na miaka minane, mrefu, anachechemea, chuma chake kikilia katika kila hatua, na mdomo mwepesi kuliko wa mama yake. Alikuja kunisalimia. Nilifungua sanduku nimtolee viatu vyake, angalau nimwombe radhi navyo, sikuviona. Nilipekua mpaka chini. Nikasema labda vimepotea katika ile hamahama ya Suud.

"Nnataka kumwona mzee wa kuku," akasema. Basi nikamchukua mpaka Matrah.

Suud alimtambua kwa kile chuma. Hakukitazama, alitazama kando. Akamshika bega akamgeuza ukutani, amevimba kwa majivuno. "Unamjua huyu? Hebu mtazame vizuri. Weye huyo!"

Aliya aliitazama ile picha muda mrefu, kichwa upande.

"Si mie," akasema. "Huyu ana miguu mizima."

"Weye, mwanangu! Mwulize shangazi yako hapa."

"Si mie." Akafungua mkoba wake wa skuli, akatoa katika daftari picha ndogo, pembe zake zimelika. "Mie huyu. Nimeiazima kwa baba, haimtoki mfukoni."

Hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza picha niliyoipiga. Ilikuwa imekwenda upande, jiwe limekatika nusu. Kivuli changu kimelala juu ya mchanga mpaka karibu na nyayo zake. Mguu wa kushoto ulikuwa pale, mwembamba, umegeuka, hauna kitu juu yake. Na mtoto alikuwa ananitazama. Machozi yalinitoka palepale dukani, sijui kama ni ya aibu au ya kitu gani.

Suud akaichukua, akaenda nayo mlangoni penye nuru, akaigeuza huku na huku. Nilingoja. Nilifikiri, sasa, angalau neno moja.

"Imekwenda upande," akasema.

"Najua," Aliya akamjibu, akanyoosha mkono arudishiwe. "Lakini nimo."

Juma la pili nilipita tena Matrah kwa shughuli zangu. Nikachungulia dukani. Ile picha kubwa imeteremshwa. Nikasimama kizingitini, na nakiri moyo ulinilegea, nikasema basi, hata huyu kapata haya kidogo. Kisha nikainua macho nikaona kwenye msumari ule ule ametundika mtoto mwengine, wa kiume, mnono, koti la bluu, anatafuta kuku. Nikatazama miguu yake. Hakuvaa vile viatu vya zamani vya kamba. Alivaa vyeupe vinavyong'aa, vyenye bizimu za shaba.